Shati la Hallet, Suruali ya Peever

Hakuwa na kofia. Hakuwa na buti la mguu wa kushoto, wala soksi. Hakuwa na mkanda. Kiunoni alijifunga kipande cha kamba. Hakuwa na karatasi yoyote, hakuwa na kisu, hakuwa na pete, hakuwa na chale ya nanga wala ya jina la mwanamke, jambo ambalo ni nadra kwa baharia. Uso hakuwa nao tena, miamba ilikuwa imeuchukua, na hilo sitalisema mara ya pili. Na hakuwa na jina. Au niseme alikuwa na majina mawili, na kwa mtu mwenye kazi ya kuandika barua, majina mawili ni mabaya kuliko kutokuwa nalo kabisa.

Mwaka ule wa 1871 mimi ndiye niliyekuwa karani wa Ghuba ya Pennock. Kazi hiyo haikuwa na malipo ya kusifia. Nilipewa kwa sababu nilikuwa mtu wa pekee pale ghubani aliyeweza kuandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa kuuliza. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka thelathini na minne, jioni baada ya kazi, katika darasa lililofunguliwa juu ya karakana ya matanga, miongoni mwa vijana walionicheka hadi nilipowapita. Meli ikivunjika karibu nasi, mimi ndiye niliyeandikia wenye meli na jamaa za waliokufa. Nilikuwa nimeandika barua kumi na saba za namna hiyo, na sikuwahi kukosea hata moja.

Meli iliyoitwa Harriet Loomis ilipasuka kwenye Miamba ya Dada Wawili katika wiki ya kwanza ya Machi, ikirudi kutoka Brazili na shehena ya sukari. Ilikuwa imeondoka nyumbani na watu kumi na mmoja. Tuliokota mbao, mlango wa jiko, pipa moja, na mtu mmoja. Alikuja amejikunja magoti kifuani kama mtoto aliyelala, na barafu ilikuwa imemshika hivyo hivyo, hata hatukuweza kumnyoosha wala kumpima urefu. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, kwa hiyo tulimvua nguo, tukamfunika tanga na kumlaza katika ghala la chumvi, asubiri udongo ulainike.

Kwetu nguo za mtu aliyekufa majini hazivaliwi. Hazifuliwi, haziingizwi ndani. Zinachomwa pale pale ufukoni, na majivu yanaachiwa maji yajayo. Tangu babu zetu ndivyo ilivyo, na sisi tunaovua karibu na pwani na kulala vitandani mwetu tuliamini kwamba watu wote wa baharini wanafanya hivyo. Lakini mimi nilizizuia zisichomwe, kwa sababu ndani ya ukosi wa shati la flaneli niliona neno limeshonwa kwa uzi mwekundu: HALLET.

Mke wangu Phebe aliniona nikija nazo, akasimama mlangoni na mwiko wa uji mkononi.

"Hizo haziingii humu."

"Ni ushahidi, Phebe."

"Ushahidi unanuka. Kaulaze kanisani, huko ndiko wanakolala wenzake."

Nikazipeleka katika chumba cha mikutano kilicho nyuma ya kanisa, ambako kulikuwa na meza ndefu na jiko la kuni. Shati niliona linatosha. Siku ile ile niliandika barua mbili, moja kwa wenye meli, nyingine kwa mama mmoja wa Bandari ya Chegg aitwaye Deborah Hallet, ambaye pwani yetu yote ilijua ana mwana katika meli ile, nikimweleza kwamba mwanawe Elkanah amepatikana. Mashua ya posta iliondoka saa nane. Saa tisa niligeuza suruali ili ikauke upande wa ndani, nikaona kwenye kiuno, kwa wino uliofifia: J. PEEVER.

Nilikaa chini. Kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Kisha nilidhani wino ule ni wa dukani, kisha nikadhani Hallet aliazima suruali, kisha nikajiuliza kwa nini isiwe Peever ndiye aliyeazima shati. Kila nilipoamua jambo, nguo ya pili ilinikatalia. Kesho yake, baada ya kuulizia anakokaa, nilimwandikia pia mke wa Peever, na kwa mara ya kwanza maishani niliweka neno "huenda" katika barua ya msiba.

Wenye meli walijibu baada ya siku kumi kwa kuleta nakala ya orodha ya mabaharia. Hallet yumo. Peever yumo. Niliisoma mara nne, nikaweka alama pembeni mwa yale majina mawili, na sikujua zaidi ya nilivyojua mwanzo.

Wanawake wale wawili walifika siku moja, kila mmoja kwa njia yake. Deborah Hallet alikuja na gari lake la theluji lililokokotwa na farasi mzee, peke yake, mwanamke wa miaka sabini aliyejifunga mashuka mawili. Nyuma ya kiti alikuwa na jeneza. Majirani zake walikuwa wamewasha moto juu ya ardhi siku mbili mfululizo hadi ikakubali kuchimbika, na kaburi lilikuwa wazi kando ya la mumewe, Josiah. Alichotaka ni kimoja: mwanawe alale pale. Bahari ilikuwa imemla mume wa dada yake na kaka zake wawili, na katika ukoo wao hakuna mwanamume aliyekuwa na kaburi isipokuwa mumewe, ambaye alianguka kutoka juu ya paa.

Lois Peever alikuja na mashua ya samaki. Hakuwa amefika miaka ishirini na mitano. Alipanguswa chumvi usoni na Phebe, akapewa chai yenye molasi, akainywa akiwa amesimama.

Niliwapeleka wote wawili katika chumba cha mikutano. Mzee Caleb Strang alikuwa mle, amechuchumaa mbele ya jiko akipanga kuni, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Caleb alikuwa mtu wa pekee kwetu aliyewahi kwenda mbali kwa meli kubwa, miaka thelathini. Hakujua kusoma hata jina lake, na habari zake za nyani na wafalme tulikuwa tumezisikia zote. Sikumwambia atoke, kwa sababu sikumhesabu kuwa yumo.

Deborah Hallet alikwenda moja kwa moja kwenye shati. Aligeuza ukosi, akagusa uzi mwekundu.

"Uzi huu niliuchomoa kwenye sketi yangu ya harusi," alisema. "Ni lake. Yuko wapi?"

"Ngoja, bibi," alisema Lois. Alikuwa ametia mkono ndani ya mfuko wa suruali. "Mfuko huu nilishona mimi. Nilishona mara mbili chini kwa sababu Jethro alikuwa anapoteza kila kitu. Hii ni ya mume wangu."

"Sikatai kwamba ni ya mumeo."

"Basi aliyeivaa ni nani?"

"Mwanangu."

"Mwanao alikuwa anavaa suruali za watu?"

"Na mumeo alikuwa anavaa shati la mwanangu? Kwao hakuna mashati?"

"Jethro alikuwa na mashati matatu."

"Basi ni vizuri. Hakuwa na haja na la nne."

Lois alicheka, kicheko kibaya, kisha akaketi kwenye benchi. "Tumkate katikati, bibi. Wewe chukua cha juu, mimi nitachukua cha chini. Karani atuandikie."

"Mabinti wa siku hizi mna midomo," alisema Deborah, lakini aliketi karibu naye.

Wote wawili walinitazama. Nilifungua orodha, nikaifunga. Niliwaambia kwamba jambo hili lina pande mbili. Niliwaambia kwamba shati liko karibu na moyo, kwa hiyo lina uzito zaidi, na nilipokuwa nikisema nilijua kwamba ni upuuzi. Nilimgeukia mama, nikasema labda Elkanah aliazima. Nilimgeukia mke, nikasema labda Jethro aliazima. Walikuwa wakitikisa vichwa wote wawili, kila mmoja kwa labda ya mwenzake.

"Pindo la mguu hapa limepandishwa," alisema Lois, akiinyoosha suruali mezani. "Jethro ni mrefu. Atakuwa aliikunja ili isilowe akiwa kazini."

"Na mikono ya shati imeongezwa turubai," alisema Deborah. "Vidole vinne. Flaneli hunywea kwa maji ya chumvi. Limenywea, akaongeza mikono. Elkanah alikuwa na akili ya mambo hayo."

Caleb aliweka chini kuni aliyoishika. "Mnaongea kama watu wa nchi kavu," alisema.

"Mzee Caleb," nilimwambia, "jiko limeshawaka."

"Nimeliona, karani, nimeliwasha mimi." Alikuja mezani akijifuta mikono kwenye suruali yake. "Naomba kuuliza, mama zangu. Hizi nguo mnaona zimeazimwa. Ni nani anaazima suruali kwa kuikata na kuishona?"

Lois aligusa pindo la suruali, na Caleb akaendelea.

"Mnajua kinachofanyika meli kubwa mtu akifa?"

"Nguo zinachomwa," nilisema.

"Zinachomwa." Alinitazama kwa huruma, na huruma ya Caleb Strang ilikuwa kitu ambacho sikuwa nimekizoea. "Ungechoma nguo katikati ya bahari, wenzio wanatetemeka kwa baridi? Mtu akifa, tunamshona ndani ya turubai, tunamtelemsha, nahodha anasoma sala. Baada ya hapo kasha lake linaletwa kwenye mlingoti mkubwa na linapigwa mnada. Shati hili, nani atalichukua? Buti hizi? Watu wanataniana pale, mama, usije ukakasirika, wanataniana ili wasilie. Na anayenunua anavaa. Mimi nimevaa suruali ya rafiki yangu mchana wa siku niliyomshona asubuhi. Ilinibana. Nikaiachia mishono."

Nilisikia kuni zikilia ndani ya jiko.

"Unataka kusema nini?" aliuliza Deborah.

"Sisemi nani amekufa. Nasema mwenye kitu chenye jina si lazima awe ndiye aliyekivaa. Mara nyingi siye."

"Kwa hiyo ni mwanangu, na amenunua suruali ya mume wa huyu."

"Inawezekana."

"Au ni mume wangu, na amenunua shati," alisema Lois polepole. Nilimwona akielewa kile alichokisema, kwamba katika hali zote mbili kuna mtu mmoja aliyekufa kabla meli haijapasuka.

Caleb aliinama juu ya meza. Aliweka mkono wa shati karibu na pindo la suruali, akaviangalia kwa muda mrefu, kama mimi ninavyoangalia mwandiko. "Karani, sogea. Uzi gani huu?"

"Uzi wa matanga. Una lami."

"Na huu?"

"Huo huo."

"Mshono umelalia upande gani?"

Sikujua kwamba mshono hulala. Lois ndiye aliyeona. "Umelala kinyume," alisema. "Yote miwili. Kashona mtu wa mkono wa kushoto." Akamgeukia Deborah. "Jethro ni wa kulia."

Deborah hakusema mwanawe alikuwa wa mkono gani. Alisema, "Shati limenywea."

"Mama," alisema Caleb, "mtu mmoja ameongeza mikono na kupunguza miguu. Ni mtu wa mikono mirefu na miguu mifupi. Mwanao alikuwa hivyo?"

"Shati limenywea, nimekwambia. Flaneli hunywea."

Basi hapo tukakwama. Kama shati lilikuwa limenywea, aliyelivaa angeweza kuwa Elkanah Hallet, mkono wa kushoto au wa kulia, na jeneza lililokuwa nje lingepata mtu wake. Mimi, kwa kweli, nilitaka liwe limenywea. Ningekuwa nimeandika barua kumi na nane bila kosa. Nilifungua mdomo ili niseme kwamba flaneli hunywea, jambo ambalo ni kweli.

Mama yule alinitangulia. Alivua glavu zake. Alilinyoosha shati mezani, akalilainisha kwa kiganja, akaweka kidole gumba juu ya kifungo cha kwanza na kidole cha shahada juu ya cha pili.

"Mimi sina kipimo cha fundi," alisema, bila kumwambia mtu. "Vifungo nilikuwa napimia hivi. Mashati yote ya watoto wangu."

Kidole kiliangukia katikati ya kifungo. Alishuka kwenye kilichofuata. Kiliangukia katikati. Alifika chini, akarudi juu, akarudia. Mara ya tatu alitumia mkono mwingine, na vifungo vilikuwa pale pale alipoviweka.

"Halikunywea," alisema.

Lois alimshika bega. Deborah aliuacha mkono wake ukae.

"Huenda aliliuza tu, mama," alisema Lois. "Wanaume huuza vitu. Wanauza kwa tumbaku."

"Wakitoka Brazili kuja huku, katikati ya baridi?" Deborah alimtazama Caleb. "Mtu anauza flaneli?"

Caleb alitikisa kichwa. "Brazili kuna homa, mama. Ile ya manjano. Huchukua watu wawili, watatu, kabla nanga haijainuliwa." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa kali kidogo. "Karani, ile karatasi yako. Soma yule aliyepanda melini bila kasha."

"Orodha haina habari za makasha."

"Isome."

Niliifungua. Mara zote nne nilikuwa nimesoma safu ya majina, nikatia alama zangu, nikaridhika. Kulia kwa majina kulikuwa na safu nyingine kwa herufi ndogo: umri, mahali alikozaliwa, meli aliyotoka, mizigo, jamaa. Niliteremka na kidole. Kila mmoja alikuwa na kasha moja. Kwa Hallet, kasha moja na mfuko. Nikafika mstari wa mwisho, nikausoma kwa sauti.

"Amos Tarr. Miaka arobaini na mmoja. Mzaliwa wa Grand Manan. Meli aliyotoka: imepotea. Mizigo: hakuna. Jamaa: dada, Keren Tarr."

"Huyo," alisema Caleb. "Bahari ilimvua nguo mara ya kwanza, akarudi kazini kama alivyozaliwa. Mtu wa namna hiyo hana chake. Kila alichovaa kilikuwa cha mtu."

Nikakumbuka kamba kiunoni. Nikakumbuka jinsi nilivyoandika katika kitabu changu: hakuna kofia, hakuna mkanda, hakuna kisu. Nilidhani naandika alichopokonywa na maji.

"Una uhakika?" Lois alimuuliza Caleb.

"Hapana, mwanangu. Wanaweza kuwa wawili wasio na kitu. Jethro wako anaweza kuwa aliuza suruali akiwa mzima, akazama siku hiyo hiyo na wengine. Anaweza kuwa alitoroka melini, yuko Brazili anakula machungwa. Wapo waliofanya hivyo. Mimi mwenyewe nilitaka."

"Kwa hiyo mimi ni mjane au si mjane?"

Caleb alinitazama. Nami nilikuwa karani. "Sijui," nilisema. Lilikuwa neno dogo sana, na sikumbuki kama niliwahi kulitamka mbele ya watu tangu nilipojifunza kusoma.

"Basi liandike," alisema Lois. "Niandikie kwenye karatasi kwamba hata nyinyi mliosoma hamjui. Mama mkwe wangu ataniuliza." Aliikunja suruali vizuri, mguu juu ya mguu, kama inavyokunjwa ya mtu anayerudi jioni, akaitia chini ya shali yake. Niliandika karatasi yake hapo hapo. Aliichukua bila kuisoma, akashuka kwenda kwenye mashua.

Deborah Hallet alikuwa bado ameketi. Nilimwambia kwamba nasikitika kwa barua yangu ya kwanza, kwamba niliandika kwa haraka. Aliniacha niseme hadi maneno yakaniishia.

"Huyu dada yake," aliuliza, "atakuja kumchukua?"

"Ni mbali, bibi. Na sijui kama barua itamkuta. Sijui hata kama ni yeye."

"Na nyinyi mtamzika lini?"

"Mwishoni mwa Aprili. Ardhi ikikubali."

"Kwenye chumvi hadi mwisho wa Aprili." Alivaa glavu zake. "Kaburi langu liko wazi. Majirani wamechoma kuni zao za baridi yote. Siwezi kurudi na sanduku tupu nikawaambia wafukie shimo."

"Lakini si mwanao."

"Nimekusikia. Nimepima mwenyewe." Alichukua shati. "Elkanah kama alizikwa, alizikwa na wageni. Mumrudishie huyu shati lake. Alilipata kihalali, na aliliongeza mikono vizuri kuliko ambavyo ningeongeza mimi."

Caleb na mimi tulimtoa ghalani. Hatukuweza kumvalisha, kwa hiyo tulimfunika nalo mabega, mikono ya turubai ikining'inia, na kwa kuwa alikuwa amejikunja, jeneza lilimtosha kwa shida. Watu wa ghuba walisimama mbali wakitazama mtu akipewa nguo zake badala ya kuchomewa. Phebe alileta blanketi.

Mama yule alitaka kuondoka kabla mawimbi hayajafunika njia ya ufukoni. Nilimwomba aningoje. Niliandika barua kwa Keren Tarr, nikaichana. Ilikuwa nzuri sana na ilijua kila kitu. Niliandika ya pili, nikaichana. Ya tatu ilikuwa fupi. Nilimwambia kwamba mtu mmoja ameletwa na maji kwetu. Kwamba shati lake lilikuwa la Hallet na suruali ya Peever. Kwamba tunadhani ni kaka yake, lakini hatujui. Kwamba alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto, na kama hilo analitambua, basi amelala Bandari ya Chegg, safu ya juu, kando ya Josiah Hallet, na mwanamke aliyemzika atampokea wakati wowote. Mwisho nilimwomba aniandikie anijulishe, hata kama ni kusema nimekosea tena.

Nje farasi alikuwa akipiga kwato. Nilikunja karatasi, nikayeyusha lakiri kwenye jiko la Caleb, nikaidondosha na kuibana kwa kidole gumba kwa sababu muhuri nilikuwa nimeuacha nyumbani. Deborah Hallet aliipokea akiwa amekwisha kushika hatamu, akaitia kifuani chini ya mashuka yake mawili, akasema posta ya Chegg inafungwa saa kumi na moja, akamgeuza farasi.